Kuuza Simu za Mkopo Mjambere Bila ya Kuuza Insafu

Aliyeajiriwa na kampuni ya teknolojia kuuza simu za kulipiwa kidogo kidogo huamka akingojewa na hesabu: tageti ya wiki, orodha ya wauzaji iliyotiwa kwenye kundi la WhatsApp tangu wa mbele hadi wa mkiani, na msimamizi anayeuliza kabla ya adhuhuri umeuza ngapi. Nimeifanya kazi hiyo Mjambere, huku Kisauni, na rai yangu kwa kijana anayeiingia ni moja: yachungue mapato ya mnunuzi kwanza, ndipo uisifu simu.

Biashara hii imesimama juu ya M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007 na kumwezesha asiye na mshahara wa mwezi kulipa fungu la kila siku. M-KOPA, iliyoasisiwa mwaka 2011, ilipitia njia hiyo kuuza umeme wa jua, kisha simu; na mwaka 2020 Safaricom ikishirikiana na Google ikaleta mpango wa Lipa Mdogo Mdogo. Asiyelipa, simu yake hufungwa kwa mbali. Na madhali kamisheni yangu ilifuata malipo ya mteja, simu iliyofungwa ilikuwa hasara ya watu wawili.

Kwa hiyo muulize mteja kwa adabu: “Mama, miezi ya shida kwako ni ipi?” Mvuvi atakutajia kusi, bahari inapochafuka; mtumishi wa hoteli atakutajia masika, watalii wanapoadimika. Kisha mpigie hesabu yote mbele yake. Mathalan, amana ya shilingi 3,000 na shilingi 60 kwa siku 365 ni shilingi 24,900. Mtajie na bei ya taslimu dukani, achague mwenyewe. Atakayekataa leo baada ya kuelewa ni afadhali kuliko atakayekubali kwa hadaa na kukulaani mtaani.

Chagua wakati. Muuza mahamri usimsemeshe alfajiri ilhali mafuta yamechemka. Mngoje auze amalize. Ijumaa mchana, wakati wa swala, usibishe hodi mlangoni mwa watu. Vijana wa bodaboda waendee stejini, wakati abiria wamepungua.

Tageti ikikubana mwisho wa mwezi, utashawishiwa kumwandikisha mtu kwa kitambulisho cha mwenziwe. Kataa kabisa, kwani mwenye kitambulisho ndiye atakayedaiwa, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazilinda habari zake.

Nafsi yako nayo ina haki. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mwajiriwa siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka. Lakini mkataba wa wakala wa kamisheni aghalabu haukuhesabu kuwa mwajiriwa, basi usome kabla ya kutia sahihi. Msimamizi naye mpelekee habari asubuhi, kabla hajauliza: nani ameahidi kulipa amana, siku gani, na nani umemwacha na kwa sababu gani; hasira hupungua mbele ya hesabu iliyo wazi.

Na mwezi mpya ukiingia, waanzie waliokwisha kumaliza madeni yao, maana huku Mjambere, aliyelipa akaridhika ndiye atakayekuletea shemeji na jirani.