Somo: Kuandika Wasifu wa Kuombea Kazi

Kuanzia mwaka 1920 hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 1947, kila Mwafrika mwanamume mtu mzima katika Kenya alilazimishwa kuchukua kipande, nacho mara nyingi kilitiwa katika kikopo cha chuma na kutundikwa shingoni. Humo bwana aliandika muda wa kazi na mshahara. Mtumishi mwenyewe hakuwa na neno. Leo kijana wa Kangemi aendaye Westlands kutafuta kazi huandika habari zake mwenyewe. Basi na aziandike vema.

Karatasi moja yatosha. Kwanza, jina na namba ya simu. Pili, kazi ulizofanya pamoja na miaka yake, ukianza na ya mwisho. Tatu, masomo. Mwisho, watu wawili wa kukushuhudia, uliokwisha kuwaomba ruhusa.

Usiandike, "Mimi ni hodari". Kila mwombaji husema hivyo. Andika, "Mwaka 2021 hadi 2023 nilitunza ghala la duka Kangemi, nikipokea magunia 300 kila juma." Wala usizidishe hata gunia moja, maana mwajiri aweza kupiga simu dukani. Kazi ndogo iliyoandikwa kwa kweli si aibu.