Laptopu ya dukani haichaji au haiwaki? Anza na chaja kabla hujakubali kwamba mazabodi imekufa

Leo naongea na wenye stationery, wanaojazia watu fomu za mkopo na za ajira, na yeyote ambaye laptopu ikigoma asubuhi basi siku hiyo hakuna mauzo. Wengi wetu tunatumia Dell Latitude za mtumba, zile zilizotoka maofisini huko nje. Ni mashine ngumu, mimi nazipenda, ila zina tabia moja kwenye chaja ambayo ikikukuta huijui utatoa hela bure.

Chukua chaja yako uangalie ile ncha nene ya duara. Katikati kuna pini nyembamba kama sindano. Hiyo pini haipitishi umeme wa kuendesha mashine. Umeme wenyewe, volti 19.5, unapita kwenye chuma cha ndani na cha nje cha ncha. Pini kazi yake ni kupeleka taarifa tu: kuna chipu ndogo kwenye chaja inayoiambia laptopu kwamba hii ni chaja ya Dell, ina wati 65, au 90.

Sasa pini ikipinda, au waya wake ukikatika pale shingoni tunapoukunja kila jioni, au ukiwa umeuziwa chaja feki isiyo na chipu, umeme unafika lakini taarifa haifiki. Laptopu inawaka kama kawaida, ila inakuandikia kwa Kiingereza kwamba haijatambua aina ya chaja, ubonyeze F1 kuendelea. Wengi tunabonyeza bila kusoma. Baada ya hapo betri haichaji, na mashine inajipunguza kasi yenyewe kwa sababu haijui chaja inaweza kubeba mzigo kiasi gani. Hapo ndipo watu wanapotea. Mmoja anakimbilia kununua betri. Mwingine anasema ni virusi, anapiga Windows upya, na uzito uko pale pale.

Kuna dada jirani yangu wa kuprinti na kutoa kopi, fundi alimwambia mazabodi imeanza kufa, alete laki mbili na nusu. Hiyo ndiyo ilikuwa hela yake ya karatasi na wino. Nikamwambia kabla hujaitoa, njoo nayo kwanza. Tukachomeka chaja yangu ya wati 90, ule ujumbe haukuja tena na betri ikaanza kupanda. Sisemi fundi alikuwa mwizi. Mafundi wengine hawana tu chaja ya pili ya kujaribia.

Kama huna jirani mwenye Dell, iulize mashine yenyewe. Iwashe, na nembo ya Dell ikitokea gonga F2 mfululizo. Utaingia kwenye BIOS. Usibadilishe kitu, tafuta tu ukurasa wa taarifa za betri. Pale itakuonyesha hali ya betri, na chaja imetambulika kuwa ya wati ngapi. Ukiona 65 au 90, chaja inaongea na mashine vizuri, tatizo litafute kwenye betri. Ukiona haijatambulika, tatizo liko kwenye chaja au kwenye tundu inapoingia. Chaja nzima ya kuazima nayo ikikataliwa, basi mshuku tundu. Na hili mwambie fundi mapema: kwenye Latitude nyingi tundu ni kipande cha peke yake chenye kiwaya kinachochomekwa kwenye mazabodi. Kinabadilishwa chenyewe, bila kuchomelea.

Haya, na ile isiyowaka kabisa? Anza ukutani. Toa ekstensheni, chomeka chaja moja kwa moja kwenye soketi ambayo umejaribu kitu kingine kikawaka. Chaja nyingi za Dell zina kitaa kwenye ncha au kwenye boksi lake. Kisipowaka hata ukiwa hujaiunga na laptopu, chaja imekufa. Kikiwaka, halafu kikazimika pale tu unapoiunga na laptopu, chaja inajikinga, maana yake kuna shoti ndani ya mashine. Hapo usilazimishe, huyo ni wa fundi kweli.

Kitaa kikiwa sawa lakini mashine kimya, fanya hivi: chomoa chaja, toa betri (zile E za zamani, mfano E6420, ina kufuli za kusogeza kwa kidole), kisha bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie sekunde 20 hadi 30. Unamaliza umeme uliobaki ndani. Rudisha chaja peke yake bila betri, washa. Mimi nimeona mashine zikifufuka hapo hapo, hasa baada ya umeme kukatika na kurudi kwa vishindo.

Ikiwasha taa lakini skrini nyeusi, usiizime haraka. Latitude za miaka ya karibuni zinahesabu kosa kwa taa: inapepesa rangi ya chungwa, halafu nyeupe, inarudia. Hesabu uandike. Chungwa 2 na nyeupe 3 maana yake haioni RAM. Mara nyingi RAM imelegea tu au ina vumbi. Betri ikiwa nje na chaja imechomolewa, itoe, futa meno yake kwa raba ya penseli, irudishe mpaka ilie. Kama hujawahi kufungua mashine, mpe fundi ile hesabu ya taa na usimame pale pale akifanya.

Ukienda kununua chaja, soma maandishi ya mgongoni. Volti zilingane kabisa, ampea zisipungue. Ya wati 65 huandikwa ampea 3.34, ya 90 ni 4.62. Chaja ya 90 kwenye mashine ya 65 haina shida, mashine inavuta inachohitaji. Kinyume chake ndiyo utalalamikiwa uzito. Na usidanganywe na ncha kuingia: ya HP ile nene inaingia kwenye Dell, ila chipu yake Dell haiielewi. Beba laptopu yako mpaka dukani, ingia F2 mbele ya muuzaji, uone wati zimeandikwa, ndipo utoe hela.

Yako ikigoma, niandikie modeli iliyo chini ya mashine na hesabu ya taa. Najibu usiku nikishafunga duka.