Minerve: kijiji kilichoshindwa na kiu

Kutoka Narbonne au Carcassonne hadi Minerve, kusini mwa Ufaransa, ni mwendo usiofika saa moja kwa gari. Kodi lako, maana mabasi ya huku si ya kutegemea, na zoea mapema kuendesha upande wa kulia: barabara za milimani ni nyembamba, zina kona kali. Ukifika, gari unaliacha kwenye maegesho ya kulipia nje ya kijiji. Ndani hupita magari ya wenyeji tu.

Kabla ya kuingia, simama kwenye daraja la matao utazame chini. Mito miwili, Cesse na Brian, imechimba makorongo katika mawe ya chokaa na kukiacha kijiji juu ya genge, kimeshikamana na uwanda kwa shingo nyembamba upande mmoja. Hapo shingoni palikuwa na ngome. Kilichobaki ni kipande cha mnara, chembamba na kirefu, wenyewe wanakiita Candela.

Kwa genge kama hilo, nani angeingia kwa nguvu? Juni 1210 Simon de Montfort alikuja na jeshi la vita vya msalaba kuwasaka Wakathari, Wakristo waliohesabiwa na Kanisa kuwa wazushi. Hakuhangaika kupanda. Ng'ambo ya korongo alisimamisha mitambo ya kurusha mawe, na mkubwa kuliko yote, Malevoisine, yaani Jirani Mbaya, aliuelekeza kwenye njia ya kisima. Kiangazi kile hapakuwa na maji mengine. Baada ya wiki saba hivi mtawala wa kijiji, Guilhem, akasalimu amri. Wakathari wapatao 140 walikataa kuikana imani yao, wakachomwa moto.

Kisima chenyewe, cha Mtakatifu Rustique, kipo bado chini ya kuta. Shuka ukakione, kisha inua macho ng'ambo: mfano wa ule mtambo umesimamishwa huko, na utaona jinsi shabaha ilivyokuwa rahisi. Kanisa la Saint-Étienne ukilikuta wazi, ingia. Altare yake ya marumaru ni ya mwaka 456.

Wakati wa kiangazi Cesse hukauka kabisa. Vaa viatu vya kukamata mawe, beba maji, uteremke mtoni hadi kwenye madaraja ya asili, mahali mto ulipotoboa mwamba. Tundu kubwa lina urefu wa zaidi ya mita 200, na ndani ni baridi hata jua likiwaka. Mvua ikinyesha, usithubutu. Mto hurudi ghafla.

Mvinyo wa eneo hili, Minervois, ulipata hadhi rasmi ya AOC mwaka 1985. Mwingi ni mwekundu, wa zabibu za Syrah, Grenache na Carignan. Mimi ningekimbilia Saint-Jean-de-Minervois, jirani tu, kwa ajili ya Muscat: mvinyo mtamu, uliokatizwa uchachu kwa kuongezwa pombe kali ili sukari ibaki. Uagize ukiwa baridi. Majira ya baridi migahawa mingi hufungwa, kwa hiyo pitia kwanza Olonzac ununue mkate na jibini; siku ya soko ni Jumanne asubuhi.