Hujui Kwenu Kusini? Shukia Nanganga!

Umezaliwa Mbagala, cheti kinasema Temeke, lakini bibi akikasirika anagombeza kwa Kimwera? Basi una safari, na likizo fupi inatosha kabisa.

1. Piga kambi njia panda
Nanganga iko kwenye barabara kuu ya Mingoyo–Masasi, na hapo ndipo zinapochepuka njia za Ruangwa na Nachingwea. Leo Ruangwa, kesho Nachingwea, keshokutwa Ndanda. Begi kubwa linabaki chumbani. Mkumbushe kondakta mapema, maana basi la Masasi halisubiri mtu amalize usingizi.

2. Anzia kwa mama
Wamwera, Wamakua na Wayao kwa desturi huhesabu ukoo upande wa mama. Ukifika na jina la babu mzaa baba tu, utazungushwa weee! Ulizia wajomba wa bibi na jina la ukoo wao. Shikamoo kwanza, sukari na khanga mkononi. Na jamani, usimwelekezee mzee simu ya kurekodi kabla hata chai haijamiminwa.

3. Ulizia mahame
Hapa ndipo wengi hukwama. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa, makaburi yakabaki kwenye mahame, yaani walikotoka. Kijiji kilichoandikwa kwenye karatasi za baba huenda hakina hata kaburi moja la kwenu! Swali la kuuliza ni hili: "Kabla ya hapa mlikaa wapi?" Kisha kodi bodaboda mbili, moja yako, nyingine ya mzee wa kuonyesha njia. Ukiona miembe mikubwa katikati ya pori, simama; huenda palikuwa uwanjani kwa mtu. Nenda kati ya Juni na Septemba: njia kavu, nyasi zimelala, na sherehe za jando na unyago zinawarudisha ndugu nyumbani.

4. Bisha hodi misheni
Wabenediktini wako Ndanda tangu 1906. Misheni za Nyangao na Lukuledi zilichomwa kwenye Vita vya Majimaji mwaka 1905, kwa hiyo usitarajie maandishi mengi ya kabla ya hapo. Waanglikana walianza Masasi mwaka 1876, pamoja na watumwa waliokombolewa. Omba kwa adabu kuangaliziwa daftari la ubatizo, ukiwa na jina na mwaka wa kukisia. Kwenu ni Waislamu? Rudi namba mbili.

5. Beba pasipoti
Wamakua wengi watakwambia wazee walitoka Msumbiji. Daraja la Umoja la kuvukia huko, Mtambaswala, lilifunguliwa mwaka 2010, na Masasi ndiyo njia ya kuliendea.

Nauli itapatikana tu. Mpigie mama leo, umuulize jina la mama yake bibi.