Lijamu ya Farasi Anayevuta

Farasi aliyestaafu mbio za uwanja wa Ngong, Nairobi, akinunuliwa kwa ajili ya kupandwa tu, mara nyingi huja na tabia inayowatisha wapandaji wapya: ukivuta hatamu asimame, yeye ndiyo kwanza anachanganya mbio. Watu humwita mkaidi, kisha huenda kutafuta chuma kikali zaidi. Nawasihi msianzie hapo. Mpandaji wa mashindano hushika hatamu fupi kwa mikono miwili, na farasi hujifunza kuiegemea lijamu huku akikimbia. Ukimvuta bila kumwachia, kwake ni amri ya kukaza mwendo. Ukizidisha nguvu, umeirudia amri ileile. Tena mnyama wa kilo 500 humwezi kwa kuvutana.

Kwanza daktari wa mifugo amkague kinywa. Magego huota kingo kali zinazochana mashavu kwa ndani, na baadhi ya farasi wana vijino vidogo mbele ya magego ya juu ambavyo lijamu huvigonga. Tazama na tandiko, kama halimbani mabegani au mgongoni. Farasi mwenye maumivu huyakimbia, na wewe uko juu yake.

Kisha pima. Kati ya meno ya mbele na magego kuna nafasi tupu, ufizi mwembamba juu ya mfupa. Lijamu hulala hapo, ikipita juu ya ulimi. Pitisha kamba mahali hapo, weka alama pembe zote mbili za mdomo, uipime. Lijamu izidi kipimo hicho kama nusu sentimita kila upande. Farasi wengi huangukia kati ya sentimita 12 na 14. Sasa fungua midomo kwa upole uuangalie ulimi. Wengi wanaamini chuma kinene ndicho kipole, lakini ulimi uliojaa kinywa hubanwa nacho, na farasi huanza kuachama au kuupitisha ulimi juu ya lijamu. Huyo mpe chuma chembamba kidogo, kilichopinda katikati ili ulimi upumue. Kumfunga mdomo kwa mkanda wa puani hakutibu chochote. Vidole viwili vipite chini ya mkanda huo.

Baada ya hapo, chunguza anavyokataa. Anayeinamisha kichwa na kukuachia uzito wote mikononi hufaa lijamu ya pete zinazozunguka, yenye viungo viwili na kipande kifupi katikati, kwa sababu haimpi kitu kigumu cha kuegemea. Anayerusha kichwa juu asivishwe ile ya pete tatu yenye hatamu kwenye pete ya chini: hupanda kinywani na kumnyanyua zaidi. Akiwa mzima wa meno, jaribu Pelham, yenye mikono mirefu pembeni na kijinyororo kidevuni.

Lakini ijue kazi yake kabla hujaitumia. Mikono ile ni wenzo: ukivuta kidogo, kinywani hufika nguvu kubwa zaidi, huku utosi na kidevu vikibanwa pia. Ndiyo maana ina hatamu mbili. Panda kwa ile ya juu, ya chini uiguse pale tu anapokupuuza. Kijinyororo kikae bapa, kianze kubana pale lijamu inapoinama kama nyuzi 45. Mpandaji mwenye mikono isiyotulia hastahili kupewa chuma hicho, na hapa silegezi msimamo. Xenophon, Mgiriki aliyeandika juu ya upandaji farasi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alitaka mtu awe na lijamu mbili, kali na laini, farasi akishafunzwa kwa kali apandwe kwa laini. Kwa ukali wa zile za zama zake sikubaliani naye, ila la kurudi kwenye laini nalishika.

Jaribu ndani ya uzio, ukianza kwa kutembea. Keti wima, toa pumzi, kaza mapaja, kisha funga vidole kwenye hatamu. Asiposikia, bana, achia, bana, achia. Akipunguza hata hatua moja, legeza papo hapo. Kulegezewa ndiko kunakomfundisha. Asimame vizuri akitembea ndipo uende mchakamchaka, shoti baadaye kabisa. Akikutoka, usining'inie hatamu zote mbili: mwelekeze kwenye duara kubwa, ulipunguze taratibu mpaka mwendo umwishie. Usimkunje ghafla akiwa shoti, ataanguka nawe.

Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, ama lijamu ama mkanda, ujue kilichosaidia ni kipi. Na kila ukishuka, kabla saisi hajampeleka kunywa maji, pitisha kidole kwenye pembe za mdomo na juu ya ufizi. Pakiwa pamechubuka au pana damu, asivae lijamu mpaka papone.