Hoja za Wanaotilia Shaka Mabadiliko ya Tabianchi: Namna Mtoa Huduma za Afya Awezavyo Kuzijibu

Katika zahanati nyingi nchini Tanzania, elimu ya afya hutolewa asubuhi, wagonjwa wakiwa bado wanasubiri zamu zao. Mtoa huduma anapotaja mabadiliko ya tabianchi pamoja na malaria, kipindupindu au homa ya dengue, si ajabu mzee mmoja akauliza: "Kwani ukame na mafuriko havikuwapo enzi za babu zetu?" Swali hilo linastahili jibu. Mganga mfawidhi anayeliona kuwa ukaidi hujinyima nafasi ya kueleza, na anayelikwepa huwaacha wasikilizaji wakidhani kwamba jibu halipo. Hasara yake huonekana baadaye. Jamii isiyoamini kwamba majira yanabadilika haioni sababu ya kujiandaa kwa ugonjwa ambao haukuwapo kijijini hapo zamani, nayo zahanati inayoagiza vipimo na dawa kwa kutazama wastani wa miaka iliyopita pekee inaweza kuishiwa navyo katikati ya mlipuko.

Njia ya kuzijibu hoja hizi si ngeni kwa tabibu, kwa kuwa ndiyo ileile anayoitumia kila siku kutafuta chanzo cha homa.

Homa moja, visababishi vingi

Ni kweli kwamba tabianchi ilibadilika mara nyingi kabla ya kuwapo kwa viwanda. Dunia ilipotoka katika enzi ya mwisho ya barafu, wastani wa joto ulipanda kwa takriban nyuzi 5 hadi 7 za Selsiasi, na mabadiliko hayo yalichukua maelfu ya miaka. Mtoa huduma hana haja ya kulikataa jambo hili. Aonyeshe tu kwamba hitimisho halifuati: mtoto aliyepata homa mwaka jana kwa sababu ya nimonia anaweza kabisa kuwa na malaria mwaka huu. Kila kisababishi huacha dalili zake, na kazi ya mchunguzi ni kuzitafuta.

Mshukiwa wa kwanza huwa ni jua. Nguvu ya jua imekuwa ikipimwa kwa setilaiti tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Hupanda na kushuka katika mzunguko wa takriban miaka 11, lakini katika kipindi chote hicho haikuonyesha kuongezeka kunakoweza kueleza ongezeko la joto lililoonekana. Kuna dalili nyingine yenye uzito zaidi. Kama jua ndilo lingekuwa chanzo, angahewa yote ingepata joto, kuanzia juu hadi chini. Vipimo vinaonyesha kinyume chake: hewa iliyo karibu na ardhi inapata joto, ilhali tabaka la juu linapoa. Hiyo ndiyo dalili inayotarajiwa joto linapozuiwa huku chini lisitoke, mfano wa mtu aliyejifunika blanketi nzito, ambaye mwili wake hupata joto huku upande wa nje wa blanketi ukibaki baridi.

Mshukiwa wa pili ni volkano, na Watanzania wana haki ya kumtaja kwa kuwa Ol Doinyo Lengai, mlima hai wenye lava ya kaboni isiyopatikana katika volkano nyingine yoyote hai duniani, uko nchini mwao. Hata hivyo, hewa ukaa inayotoka katika volkano zote za dunia kwa mwaka haifikii asilimia 1 ya ile inayotokana na shughuli za binadamu. Isitoshe, kaboni ina alama ya asili yake. Kaboni ya makaa ya mawe na mafuta, ambayo chimbuko lake ni mimea na viumbe wa kale, hutofautiana kwa uwiano wa isotopu zake na ile ya volkano, na kaboni inayoongezeka hewani ina alama ya ile ya kwanza. Oksijeni nayo inapungua kidogo kidogo angani, kama inavyotarajiwa pale kitu kinapoungua.

Kabla ya zama za viwanda, hewa ukaa ilikuwa takriban sehemu 280 katika kila milioni moja ya hewa. Vipimo endelevu vilipoanza katika mlima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, zilikuwa karibu 315. Leo zimepita 420, ilhali hewa ya kale iliyonaswa katika barafu ya Antaktika inaonyesha kwamba kwa miaka 800,000 kabla ya viwanda kiwango hicho hakikupita 300. Anayedai kwamba nadharia hii imebuniwa juzi kwa ajili ya siasa aelezwe kwamba John Tyndall alionyesha katika maabara mwaka 1859 kuwa gesi hii hunasa joto, naye Svante Arrhenius akakadiria mwaka 1896 ni kwa kiasi gani dunia ingepata joto iwapo gesi hiyo ingeongezeka.

Wengine husema kwamba asilimia 0.04 ya hewa ni kiasi kidogo mno kuweza kuleta athari. Hoja hii haipaswi kumsumbua mtu yeyote aliyewahi kutoa dawa. Gramu moja ya parasetamoli katika mwili wa kilo 60 ni chini ya asilimia 0.002, nayo hushusha homa.

Mbona malaria imepungua?

Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote kwa watumishi wa afya wenyewe, kwa sababu imejengwa juu ya takwimu za kweli. Maambukizi ya malaria kwa watoto wa chini ya miaka mitano Tanzania Bara yalishuka kutoka takriban asilimia 18 katika utafiti wa mwaka 2007–08 hadi karibu asilimia 7 mwaka 2017, huku joto likiendelea kupanda. Je, hilo halionyeshi kwamba joto halina madhara?

Linaonyesha kwamba vyandarua vyenye dawa, vipimo vya haraka na dawa mseto vinafanya kazi. Mgonjwa wa shinikizo la damu anayemeza dawa zake ipasavyo anaweza kuwa na vipimo vizuri hata kama ameongeza chumvi mezani, na hakuna daktari atakayetumia vipimo hivyo kuthibitisha kwamba chumvi haina neno. Athari ya joto kwa vimelea inajulikana vyema. Plasmodium falciparum wanahitaji takriban wiki 4 kukomaa ndani ya mbu kwenye nyuzi 20, lakini kwenye nyuzi 25 siku 12 hivi zinatosha. Chini ya nyuzi 16 hawakomai. Kwa kuwa mbu wengi hawafikishi wiki nne za uhai, tofauti ya nyuzi chache katika nyanda za juu kama Lushoto au Njombe inaweza kuamua kama maambukizi yataendelea au yatakatika. Ukweli huohuo una upande wa pili: mahali palipo na joto kali tayari, ongezeko zaidi huweza kuwafupishia mbu maisha. Anayesema kwamba malaria itaongezeka kila mahali anasema zaidi ya anachokijua.

Dengue ni habari nyingine. Mbu wake huuma mchana na huzaliana katika maji yaliyohifadhiwa majumbani, hivyo chandarua cha usiku hakimzuii sana. Milipuko ya mwaka 2014 na 2019 jijini Dar es Salaam iliwakuta wagonjwa wengi wakidhani kwamba kila homa ni malaria.

Mifano ya kutumiwa kwa uangalifu

Wenye shaka hufurahi wanapomkuta mtetezi ametia chumvi, na barafu ya Kilimanjaro imewapa furaha hiyo mara nyingi. Zaidi ya asilimia 80 ya eneo la barafu lililopimwa mwaka 1912 limetoweka. Hata hivyo, hewa ya kileleni bado ni ya baridi kali, na watafiti wameonyesha kwamba upungufu wa theluji na ukali wa jua vimechangia sana, tena kuanzia karne ya 19. Mlima huo hauthibitishi kila kinachosemwa kwa jina lake.

Mafuriko nayo yapimwe moja moja. Watafiti wa kundi la World Weather Attribution walipochunguza mvua kubwa za Machi hadi Mei 2024 Afrika Mashariki, waliona mchango wa mabadiliko ya tabianchi ulikuwa mdogo, wakatilia mkazo makazi ya mijini yaliyo katika maeneo hatarishi. Kundi hilohilo lilipochunguza ukame ulioanza mwaka 2020 katika Pembe ya Afrika, ulioharibu misimu mitano ya mvua mfululizo, lilikuta kwamba mabadiliko ya tabianchi yalifanya uwezekano wa kutokea kwake uongezeke angalau mara 100. Uchunguzi unaoweza kutoa jibu la "kidogo" ndio unaoaminika unapotoa jibu la "sana".

Zipo hoja mbili ambazo takwimu hizi hazizigusi. Mgonjwa anaposema kwamba mvua ni ya Mwenyezi Mungu, hapingi sayansi, wala si kazi ya mtumishi wa afya kumbishia. Mgonjwa huyohuyo huchemsha maji kunapokuwa na kipindupindu bila kuona kwamba amepunguza imani yake. Na anayesema kwamba Afrika inachangia sehemu ndogo sana ya gesi hizi anasema kweli: ni takriban asilimia 4 ya hewa ukaa inayotokana na nishati za kisukuku duniani. Hoja hiyo inahusu nani alipe. Haimwondolei joto mama mjamzito aliye katika wodi yenye paa la bati, na tafiti zinahusisha joto kali na kujifungua kabla ya wakati.

Wagonjwa wanaotumia furosemide, au dawa za akili kama chlorpromazine na haloperidol, huathiriwa na joto kwa urahisi zaidi. Wasiache dawa kwa uamuzi wao wenyewe. Wamwone mhudumu wao kabla ya miezi ya joto kali, ili waelezwe namna ya kunywa maji, kukaa kivulini na kutambua dalili za hatari. Zahanati nazo zina ukaguzi wao wa kufanya kipindi hicho: oksitosini isitoke nje ya nyuzi 2 hadi 8, na stoo ya vipimo vya malaria isipite kiwango cha joto kilichoandikwa kwenye boksi.