Bango la Utafiti wa Uzamifu: Uundaji na Utahini Wake

Bango la utafiti si tasnifu iliyopunguzwa. Watahiniwa wengi wa uzamifu hunakili ikisiri, mapitio ya maandishi na majedwali, wakayabana katika karatasi ya A0, yenye milimita 841 kwa 1189, kisha wakaliita bango. Msomaji wake husimama dakika chache tu.

Chukulia mtahiniwa wa Chuo Kikuu cha Karatina anayechunguza athari za Kigikuyu katika Kiswahili cha wachuuzi wa soko la mji huo. Kigikuyu hakitofautishi /l/ na /r/, na vipasuo ghuna vyake huandamana na nazali. Ndipo "lala" ikasikika "rara", na "dawa" ikawa "ndawa". Bango lake lahitaji dai moja, katikati, kwa herufi kubwa: sauti zipi hubadilika, na katika mazingira gani. Mpangilio wa namna hii ulivumishwa mwaka 2019 na Mike Morrison, mwanafunzi wa uzamifu wa saikolojia nchini Marekani. Majedwali marefu yabaki katika tasnifu. Jozi tano za maneno zatosha.

Picha nazo zina mtego wake. Ni rahisi kushawishika kulipamba bango kwa sura ya mchuuzi na matamshi yake chini. Lakini matamshi hayo yamekuwa kichekesho nchini Kenya kwa miaka mingi, na Karatina ni mji ambamo watu hujuana. Data ya kiisimu itageuka kejeli dhidi ya mama anayetafuta riziki. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 imeweka masharti kuhusu taarifa za mtu. Hata idhini ikiwapo, mchoro wa mawimbi ya sauti wafaa kuliko uso.

Mintarafu utahini, mwanaisimu anaweza kupangwa kando ya mhandisi wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri. Mtambo huvutia kwa mbali, ilhali fonimu haina umbo la kupigwa picha. Mvuto wa macho ukipewa uzito sawa na ushahidi, mwanaisimu huanza akiwa nyuma. Heri alama nyingi ziende kwa dai na ushahidi, kisha majibu ya ana kwa ana. Rangi ipate masalio. Mtahini aulize lisiloandikwa bangoni: je, kijana aliyesomea shule ya bweni hutamka vivyo hivyo? Aliyekusanya data mwenyewe hatakosa la kusema. Vigezo hivyo viandikwe kwa Kiswahili, na mtahiniwa avipate kabla hajaanza kuchora.